Jamaa Wasiojulikana wa Mzee Ishmael

Jumatatu, 8 Machi 2004
Wiki ya tatu ya ndoa! Leo Wanyonyi wangu amenipigia rinda pasi. Kwa mikono yake! Lakini nyumba ni ya majonzi. Mzee Ishmael, aliyetupangisha, amekufa bila kumtaja ndugu hata mmoja. Jirani Obonyo amekwenda kortini, anadai Mzee alimuuzia ploti hii. Akishinda, tutafukuzwa Kitengela. Jioni alipita wakili Tabitha. Akasema korti ya Kajiado imemteua awasimamie jamaa wa marehemu wasiojulikana, kama wapo. Anawahurumia sana, na hajawahi kuwaona. Nikawaza: mbona tusiwe sisi? Mzee alikuwa Mbukusu kama sisi.

Jumanne, 9 Machi
Nimemnyoa Wanyonyi kichwa, kama wafiwa wa kwetu. Alinung'unika, kazini watamcheka. Nikambusu upara. Unang'aa kama sufuria mpya! Sasa ni mtoto wa kaka yake Mzee.

Alhamisi, 11 Machi
Kortini mpenzi wangu aliapa vizuri: Mzee na baba mkwe wangu ni ndugu wa tumbo moja. Tabitha alifurahi kupata hatimaye mtu wa kumsimamia. Obonyo akasema wembe hauleti undugu. Watu wakacheka. Nikaona Wanyonyi anafunika upara kwa mikono. Mapenzi yakaninyanyua. Nikaapa kwamba hata baba yangu ni ndugu wa Mzee, tumbo hilohilo.
Obonyo akanigeukia polepole.
"Shemeji, kumbe umeolewa na ndugu yako?"

Jumamosi, 13 Machi
Mvua. Tabitha, kwa kuwa kazi yake ni kutafuta jamaa, aliwapigia simu wazee wa nyumbani. Wamemwambia mama mkwe. Naye anasema kiapo ni kiapo: watu wa ukoo mmoja hawaoani, ndoa ivunjwe. Tukikana kiapo, ni jela. Wanyonyi amehamia kwa rafiki yake Kiserian. Hakugeuka kunitazama. Ameacha kofia niliyomfumia ya kufunika upara.

Jumapili, 14 Machi
Nimelala nikikumbatia kofia. Imelowa machozi. Kisha, asubuhi, dawa ikapatikana! Kiapo changu kibaki, nyumba ibaki. Kinachotakiwa tu ni Wanyonyi asiwe mtoto wa babake. Mama mkwe anafika kesho, ana hasira. Nitamchinjia kuku, nimsugue miguu, halafu nimwombe aape mbele ya korti kwamba Wanyonyi alimzaa na mwanamume mwingine. Ni mama. Kwa ajili ya mapenzi kama yetu, atakataaje?