Wapangaji wa Bidoni ya Jikoni

Jumatatu, 4 Novemba
Profesa ametangaza: atakayemletea vidudu vya ziwa vya aina nyingi zaidi, tena vikiwa hai, Jumamosi, ndiye msaidizi wake. Tumebaki wawili, mimi na Grégoire. Grégoire! Anachota kwenye mawimbi, bure kabisa. Vidudu hivi havionekani kwa macho, lakini vinachagua nyumba kama wapangaji: kivuli, utulivu, matope kidogo chini.

Jumanne, 5
Nimechota nyuma ya mawe ya volkano, kwenye majani. Wale wanaotia dawa ya kusafisha maji kwenye bidoni, madumu ya watu wanaochota ziwani, hawafiki huko. Chini ya mikroskopu: wenye jicho moja kibao! Chumbani kuna joto, watakufa. Nimewamimina kwenye bidoni ya kunywa, jikoni, gizani. Mke wangu Katungu nimemwambia asitie dawa wiki hii, eti imeharibika. Ameniamini. Akili ninayo!

Jumatano, 6
Wanazaana. Mmoja amebeba mayai pande zote mbili. Grégoire kanisalimia kwa dharau. Tutaona.

Alhamisi, 7
Binti yetu Bénie anaharisha tangu asubuhi. Ana miaka minne. Katungu anamnywesha maji kila mara. Ya bidoni ile. Nilitaka kusema. Nikafikiria Jumamosi, nikanyamaza.

Ijumaa, 8
Kituo cha kolera, yaani kipindupindu. Macho ya mtoto yameingia ndani, ngozi ukiifinya hairudi. Naogopa sana. Muuguzi kaeleza kwamba viini vya ugonjwa huu hupenda kushikamana na vidudu vya ziwa. Katungu akaniangalia.
"Papa Bénie, uliniambia dawa iliharibika."
Nikainamia kamba za kiatu changu.

Jumamosi, 9
Katungu amemwaga bidoni chooni. Grégoire amepata kazi kwa aina tatu tu! Tatu, tena kondefu! Nimelia, sijui namlilia nani.

Jumapili, 17
Bénie amepona, Mungu asifiwe, ila hajaweza kusimama. Katungu amempeleka kwa dada yake, mtaa wa Ndosho. Nilikwenda kuomba msamaha. Hawakunifungulia. Bénie, akiwa amebebwa, alinipungia mkono dirishani, moyo ukaniuma.

Nikazunguka uani. Kuna pipa la maji ya mvua, ndiyo wanayokunywa wote. Limefunikwa, kivuli mchana kutwa, matope chini. Na Profesa anatafuta msaidizi wa pili! Kuna kichupa cha vidudu nilichokiokoa kabla Katungu hajamwaga, natembea nacho mfukoni. Ugonjwa ni wa ziwa, haya ni ya mvua, hakuna shida.

Nimemimina polepole, wasishtuke.