Intaneti ya Jengo Zima

Jumatatu, 4 Machi
Binti wa fundi cherehani, jirani wetu wa chini, alikuja tena kuketi mlangoni na simu yake. Intaneti yetu inaishia hapo. Akauliza ninasoma nini. Nikamwonyesha jalada la kitabu. Mazungumzo yangu marefu kuliko yote muhula huu!

Wazo limenijia. Ikiwa intaneti ya mlangoni inaleta mtu mmoja, intaneti kubwa italeta jengo zima. Baba ameniruhusu kuchukua kompyuta yake kuukuu. Nitaigeuza ruta ya kusambaza intaneti. Programu ni ya bure: unaiweka kwenye flashi, unachomeka, unasakinisha. Rahisi kama kunywa maji.

Jumanne, 5 Machi
Si rahisi. Iliuliza kama ifute kila kitu, nikabonyeza ndiyo. Ikasakinisha, ikajizima, ikawaka, ikaanza kusakinisha upya. Nikaiacha imalize. Ikaanza tena! Dada akachungulia, akasema mdogo wangu, si ukichomoe hicho kidude? Nikamjibu kwamba haya mambo yana wenyewe. Alipoondoka nikachomoa flashi. Ikawaka vizuri. Sikumwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Mjomba, fundi redio, kanipa kadi ya mtandao yenye antena kama pembe za mbuzi. Mama akasema nikiunguza nyumba nitalala juu ya hizo pembe. Baba akauliza faili zake ziko wapi. Nikamkumbusha kwamba alinipa kompyuta. Akasema ndiyo, kompyuta, si barua zake za miaka yote.

Lakini intaneti sasa inafika hadi paani! Nimebandika tangazo ngazini, pamoja na neno la siri. Bure, karibuni nyote. Viti vya sebuleni nimevihamishia chumbani kwangu.

Ijumaa, 8 Machi
Wameunganishwa wengi, skrini inaonyesha. Hakuna aliyegonga. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alipaza sauti kutoka dirishani kwake: we kijana, mtandao wako moto! Nikampungia mkono. Alikwisha rudi kuangalia simu.

Binti wa fundi cherehani yumo pia. Yuko kwao. Nilikalia kiti hiki, kisha kile, nikilitazama jina la simu yake mpaka likatoweka.

Jumamosi, 9 Machi
Amegonga! Nilikuwa chini ya meza nikihangaika na waya, mama akafungua. Binti akasema hakufuata intaneti, anayo tele. Wanacheza karata uani, wamepungukiwa mtu, Miwani ateremke basi. Miwani ndiye mimi. Nikamnong'oneza mama aseme nina kazi. Mama akaenda kusema.

Kazi ninayo kweli. Kosa nimeliona: neno la siri halibadiliki. Nitaipanga ruta ilibadilishe kila nusu saa, na jipya lipatikane kwangu tu, ana kwa ana. Watagonga kutwa nzima!

Huko uani wanacheka mno. Nimefunga dirisha, nisije nikakosa kusikia mlango.