Spika Zilizofaulu Mtihani wa Ukimya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi ambayo nimekubali kuishika mwenyewe baada ya kutafuta sana na kukosa anayenifikia. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Uteuzi wa Spika za Usikivu Tulivu, ambaye vilevile ni mimi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, shemeji yangu. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, wa Kamati Ndogo, na wa Kamati Ndogo ya Kamati Ndogo. Mkutubi, ambaye kiti chake nimekikalia. Wasomaji wa maktaba hii mlioamriwa kufunga vitabu ili mpate maarifa. Na ninyi ndugu zetu msioona, mliowekwa safu ya nyuma kabisa kwa kuwa Kamati iliona safu ya mbele ingepotea bure kwenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka safu ya kwanza, walikoketi wajumbe.)

Ndugu zangu, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa ambao si kila kiongozi angeuweza. Nyuma yangu, chini ya pazia hili la kijani, zimesimama spika mbili ambazo leo nazizindua. Lakini kabla ya kufunua, lazima niwaeleze tulikotoka, maana mwenda bure si mkaa bure, na mimi nimekwenda sana, mara nyingine kwa ndege.

Mradi huu ulizaliwa siku mama mmoja alipoingia ofisini kwangu bila miadi. Mnamfahamu: Mama Simu, aliyewaunganishia watu simu tangu enzi za waya na plagi, kabla sukari haijamchukulia macho. Alikuja na kanda moja ndani ya kitambaa. Marehemu mumewe, mwalimu, alikuwa na desturi ya kumsomea kitabu kila jioni, na alipoona kifua kinazidi kumbana, akajirekodi akisoma kitabu cha mwisho ili mkewe asikose kujua kiliishaje. Sasa Mama Simu anaishi chumba kimoja, ukuta ni ubao mwembamba, na upande wa pili analala jirani yake muuguzi, anayekesha wodini na kulala mchana. Mama akipandisha sauti, jirani anaamka. Akiishusha, kile kiredio chake kinamgeuza mwalimu kuwa mbu ndani ya kopo. Basi akaniambia, nanukuu: "Mwanangu, kile chumba cha mafagio nyuma ya maktaba hakina kazi. Tuwekeeni humo spika mbili ndogo, zenye kusema vizuri hata zikinong'ona. Nimsikie mume wangu."

(Sauti kutoka nyuma: "Na nilisema ndogo!" Kicheko.)

Asante, mama, tutakuja huko. Mtu wa kawaida angekwenda dukani. Lakini uongozi, ndugu zangu, si kwenda dukani! (Makofi.) Uongozi ni kuunda fremuweki shirikishi yenye kapasiti ya kuleta impakti endelevu kwa stekiholda wote. Kwa hiyo tulianza na fizibiliti stadi, ambapo asilimia themanini na saba ya wananchi waliohojiwa walithibitisha kuwa wana masikio, na asilimia kumi na tatu waliobaki hawakulisikia swali. Kisha tukafanya ziara ya mafunzo ng'ambo kujifunza udogo wa vyumba vidogo, na tukalala katika vyumba vikubwa mno, kwa sababu udogo hauonekani mpaka uwe na kitu cha kuulinganisha nao.

(Sauti ya mwanamke: "Mlijifunza nini?" Sauti nyingine: "Kifungua kinywa!" Kicheko kirefu.)

Naomba nidhamu. Tuliporudi tukaziita spika kwenye usaili. Naam, usaili, kwa sababu hatuajiri kwa kujuana. Tulizipanga katika ukumbi wa mikutano wenye viti mia tano, tukazipigia rekodi ya hotuba yangu ya mwaka jana, na wajumbe wakapiga kura. Ile jozi iliyotikisa madirisha ikapata kura zote, hasa baada ya besi yake kumwangusha shemeji kutoka kitini akiwa amelala. Mjumbe mmoja tu ndiye aliyeleta uchochezi. Alisema chumba cha mafagio kina nafasi ya kitanda na stuli, na kwamba besi kubwa humo itazunguka kama nyuki ndani ya chungu. Akasema tuchague spika za kukaa juu ya rafu, tuzisogeze kidogo kutoka ukutani, kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, tutandike zulia, na tuzisikilize kwa sauti ya chini, kwa kuwa ndivyo zitakavyotumika. Kwa sauti ya chini! Mnaona hatari ya watu wanaosoma maelezo ya matumizi? Ndugu huyo tumempandisha cheo, sasa yuko Kamati ya Mitaro.

Hapo ikajitokeza changamoto. Spika zilizoshinda zilikuwa na kimo cha mtu mzima na unene wa watu wawili, na mlango wa chumba cha mafagio haukuwa tayari kushirikiana. Tukaunda kikosi kazi cha kuuelimisha mlango. (Kicheko.) Msicheke! Kikosi kilipendekeza tubomoe ukuta, na ukuta ukatuambia, kupitia mhandisi, kwamba ndio ulioshika paa.

Ndipo katika kutafakari nikalikumbuka neno moja katika jina la mradi wetu: tulivu. Tulikuwa tumepima kelele, tukasahau kupima utulivu! Nikaamuru spika zote zizimwe. Wajumbe tukakaa, tukatega masikio. Na hapa, ndugu zangu, nawaomba mnielewe kwa kina, maana haya hayajawahi kufanywa na kamati yoyote: spika zote zilifaulu kwa asilimia mia. Hakuna iliyokwaruza. Hakuna iliyovuma. Hakuna iliyokosea hata neno. Kimya kile kingeweza kuingia chumba chochote, hata cha mafagio, bila kubomoa chochote. Shemeji alilia. (Makofi ya safu ya kwanza.)

Sasa nafunua! (Pazia linavutwa. Minong'ono.) Tazameni! Mbao imepigwa msasa, ina vanishi, ina vishikio vya shaba...

(Sauti ya kijana: "Mbona zina tundu la ufunguo?")

Ni usalama. Mama Simu, naona unakuja mbele na fimbo yako. Mpisheni mama. Karibu, mama, gusa matunda ya subira yako.

(Mama Simu anapapasa. Anafungua mlango mdogo, anaingiza mkono mpaka begani. "Mwanangu, humu kuna henga ya nguo." Ukumbi unalipuka kwa kicheko.)

Hiyo, mama, ni sehemu ya kuning'iniza sauti.

("Haya. Kanda yangu hii hapa. Naiweka wapi?")

Suala la kanda, mama, limo katika Awamu ya Pili. Awamu hii ya kwanza tunajenga mazingira wezeshi. Wewe umesubiri muda mrefu, na mtu aliyezoea kusubiri ni rasilimali kubwa ya taifa. Rudi ukae, kauli mbiu zinakuja. Nikisema "Spika", mnaitikia "Kimya". Spika!

(Hakuna anayeitikia. Mwanamke mwenye sare ya uuguzi anasimama: "Mama, twende zetu nyumbani." "Mwanangu, si umetoka zamu sasa hivi? Utalala wapi?" "Nitalala siku nyingine. Leo fungulia redio mpaka mwisho, nami nataka kujua kitabu kiliishaje." Anamshika mkono. Safu ya nyuma inasimama nzima.)

Ketini! Bado shukrani! Basi nashukuru nikiwa na haraka. Namshukuru seremala wa mtaa wa pili, aliyetuazima makabati haya mawili ya nguo, ambayo nayo yalifaulu mtihani wa ukimya, na anayaomba yarudi kabla ya adhuhuri kwa sababu yana wenyewe, maharusi. Namshukuru Mkutubi kwa chumba cha mafagio, ambacho hatukupata kukifungua, kwa kuwa haikuundwa kamati ya kuuomba ufunguo wake. Nalishukuru pazia, ambalo ni la dirisha la ofisini kwangu.

(Wasomaji nao wanatoka na vitabu vyao. Wajumbe wanaelekea kwenye viburudisho. Shemeji amelala.)

Na mwisho nawashukuru ninyi viti, mliobaki. Mnanisikiliza vizuri sana. Hakuna anayekohoa, hakuna anayeuliza kanda aiweke wapi. Huu sasa ndio usikivu tulivu, na natangaza rasmi, mbele yenu, kwamba mradi umekamilika.

Spika!

(Kimya.)