Ombi la Kubadilishwa Maana ya Chenin Blanc Kabla ya Jumamosi

Vumilia Jilala,
Nyasubi, Kahama.
Jumanne.

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Kilimo,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, basi pole na majukumu.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu na si mtu wa kulalamika. Darasani sinyooshi mkono hata jibu nikiwa nalo. Dukani nikipewa chumvi badala ya sukari, naondoka na chumvi. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni.

Toleo lenu la Ijumaa iliyopita lilikuwa na makala kuhusu zabibu nyeupe ya mvinyo iitwayo Chenin Blanc na mahali inapolimwa. Makala ni nzuri. Mmeeleza bonde la mto Loire kule Ufaransa ilikotoka, Afrika Kusini inakolimwa kwa wingi, na Dodoma kwetu, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Haya yote sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko aya ya nne, mlipoandika kwamba blanc ni neno la Kifaransa lenye maana ya nyeupe.

Ndugu Mhariri, sentensi hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana nalalamika.

Miaka miwili iliyopita Baba, ambaye ni mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Geita, alikwenda semina Dodoma akarudi na kipande cha mzabibu kimeviringishwa kwenye gunia bichi. Kilikuwa na kikaratasi kimeandikwa Chenin Blanc. Sebuleni walikuwepo wabia wake, Mzee Ngusa na Mzee Pantaleo. Baba akanipa kikaratasi mbele yao, akasema haya mama, watafsirie hawa wazee, waone shule.

Kiingereza changu cha uhakika kilikuwa kimoja, kile cha mitihani ya Mwalimu Donatus: "Fill in the blanks", jaza nafasi zilizo tupu. Blanc na blank yanafanana kama pacha Kulwa na Doto. Nikasema ni Chenin Tupu. Baba akauliza, tupu? Sauti yangu haikutoka, ila kichwa kilikubali.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa mchimbaji, tupu si neno la kuchezea. Duara, yaani shimo la dhahabu, likishaitwa tupu, watu wanabeba sururu zao wanahama bila kuaga. Kwa hiyo mzabibu wetu ulipandwa kwa heshima ya safari tu, kama mgonjwa ambaye ndugu wameshaambiwa. Hakuna aliyeupogoa matawi. Nyinyi mmeandika kwamba usipopogolewa hauzai vizuri. Wetu haujazaa hata punje, na kila msimu Baba ananitazama kwa fahari na kuwaambia watu, si mnaona, msomi alisema. Hiyo fahari ndiyo inayoninyima hamu ya kula.

2. Jirani yetu Mama Swaumu kwao ni Pangani, na Kiswahili chake ni kile cha wenyewe. Matawi yalipovuka ukuta hadi uani kwake, akauliza huu unaitwaje, akaambiwa Tupu. Akamwita Baba papo hapo. Baba Vumilia, mimi nina mabinti humu ndani, kivisheni hicho kitu chenu. Baba ni mtu wa kuelewana na majirani, akauvisha turubai. Mzabibu umekaa ndani ya turubai miezi minne. Nadhani ndio mzabibu pekee Kanda ya Ziwa wenye stara, na chanzo ni mimi.

3. Mzee Pantaleo naye hakubali kwamba Dodoma nzima inaweza kulima kitu kitupu. Kwa uzoefu wake, juu pakiwa tupu mzigo uko chini. Alionja udongo wa kwenye shina, akatema, akafunga jicho moja, akatamka kwamba mkanda wa dhahabu unaelekea Kagongwa. Mzee Ngusa akasema hata yeye alihisi. Jumamosi hii wanaung'oa mzabibu na kufuata mzizi wake. Mzizi unapita chini ya jiko la Mama Swaumu, naye ameridhia, mradi wachimbaji wavae mashati.

4. Mimi siwezi kumwambia Baba kwamba nilikosea. Nimejaribu. Jumapili nilimfuata mpaka mlangoni, akageuka, nikamuuliza kama anataka chai. Nyumbani kwetu mimi ndiye ninayesoma kila kitu cha Kiingereza: maelekezo ya pampu ya maji, fomu za shule, dawa ya mbuzi wa Bibi. Nikikiri neno moja, mengine yote yatafukuliwa. Yule mbuzi ni mzima kabisa, lakini najua wataanza kumtazama vingine.

5. Kwa sababu yenu nimeharibu gazeti lenu. Baba anasoma Kiswahili vizuri na huwa anaanza na ukurasa wa kilimo, kwa hiyo aya ya nne niliikata kwa wembe kabla hajarudi. Akauliza mbona gazeti lina dirisha. Nikasema yamekuja hivyo yote. Uongo huo sikuwa nao kabla ya Ijumaa.

Basi, Ndugu Mhariri, naomba toleo lenu la Ijumaa hii lichapishe sahihisho, kwa herufi kubwa, kwamba blanc ilikuwa na maana ya tupu hadi mwisho wa mwezi uliopita, na kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi huu Wafaransa wameamua iwe na maana ya nyeupe. Kwa njia hiyo mimi nitakuwa nilisema kweli wakati ule, na mzabibu utakuwa si mtupu wakati huu, na Jumamosi hakuna kitakachong'olewa.

Msiseme haiwezekani. Afrika Kusini zabibu hiyo hiyo waliiita Steen kwa miaka mingi, na sijasoma popote kwamba kuna mtu alichapwa. Wafaransa wana maneno mengi, hili moja hawatalikosa. Wakulima wa Dodoma nitawaandikia mwenyewe, mmoja mmoja, mwandiko wangu unasomeka. Wafaransa wakikataa kabisa, naomba muandike kwamba bonde la Loire limehamishiwa nchi nyingine, yoyote ile, ambayo kwao blanc ni tupu. Msiitaje jina, Baba ana ramani.

Nisalimie wachapaji, dereva wa gari la magazeti, na huyo aliyeandika aya ya nne. Simchukii, nataka tu asirudie. Bibi naye amesema wabeja sana, yaani asante, ingawa hajui mmemfanyia nini.

Ni mimi, ninayewaheshimu nyote na kumwogopa mmoja,
Vumilia Jilala.

Baada ya sahihi: Bahasha haikuwa na gundi ya maana. Nilimpa Baba aipeleke kwa wakala wenu wa magazeti hapa Nyasubi, akaisoma barua njiani, akarudi nayo. Alikwenda uani, akavua lile turubai, akalikunja vizuri. Kisha ameniita, nikadhani leo ndiyo leo. Ameniuliza tu huko kupogoa kunaanzia tawi la juu au la chini, nami nimemwambia, kwa sauti iliyosikika, kwamba sijui. Akasema basi tutauliza.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote, namba moja hadi tano, nayafuta. Loire ibaki Ufaransa. Aya ya nne ilikuwa sawa.

Ila Baba anaomba mchapishe kwamba mimi tangu mwanzo nilisema nyeupe, na yeye ndiye aliyesikia vibaya, kwa sababu masikio yake yaliharibiwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Ameshawapigia Mzee Ngusa na Mzee Pantaleo kuwaambia hivyo, nami nilikuwepo. Ndugu Mhariri, Baba hajawahi kufanya kazi kwenye karasha hata siku moja.