Jitu Lisilo na Sumaku

Redio ya kijiwe cha kahawa pale Malangali ilikuwa imetoka kueleza kwamba wataalamu wamepima nyota kubwa kubwa, zile zinazolifanya jua letu lionekane kibatari, wakakuta katika kila kumi ni kama moja tu yenye nguvu ya sumaku. Adolfu, ambaye wote humwita Jitu kwa kuwa mashine yake ya kusaga ni kubwa kuliko zote mtaani, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Fiksi hizo. Nani kapanda huko kuiona hiyo sumaku?"

"Hawapandi, bwana," akajibu Mwalimu Urbano, mstaafu aitwaye Data. "Wanachambua mwanga. Penye sumaku, mstari mmoja wa mwanga unagawanyika."

"Na hiyo moja sumaku iliipata wapi?" akauliza Shedrack wa bodaboda.

"Wengine wanadhani nyota mbili ziligongana zikawa moja."

"Kumbe ajali. Sasa hizo tisa, ukubwa wote ule, tupu?"

"Kama mashine ya mtu fulani," Gaudiosa fundi cherehani akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa.

Adolfu akajua ndiye anayesemwa. Wenye mashine hufunga sumaku mdomoni mwa mashine inase misumari isiingie kwenye unga. Yake ilidondoka tangu mavuno, naye kwa uvivu hakuirudisha. Na leo akina mama wa parokia walikuwa wanaleta ulezi wa togwa la jubilei, kazi aliyoililia mwaka mzima.

"Mashine yangu haihitaji sumaku. Inasaga hata msumari."

"Hilo ndilo tunaloliogopa, Jitu," akasema Data.

Mara akatokea Mama Epifania, mwenyekiti wa akina mama hao, ametanguliza gunia la ulezi kwenye toroli.

"Shikamoo, mama," Adolfu akawahi kusimama.

"Marahaba. Nimekuja na unga ulionisagia wiki iliyopita. Kuna kitu kinalia kwenye meno."

Gaudiosa akachukua sumaku yake ya kuokotea pini, akaichovya kwenye ule unga. Ikatoka na ndevu nyeusi.

Adolfu aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini mdomo haukukubali kushindwa. Akasema chuma kinaongeza damu, na tena hakuna mtu aliyewahi kupanda juu ya mashine yake akachungulia kama sumaku ipo au haipo.

"Sisi hatukupanda popote, mwanangu," akasema Mama Epifania. "Tulitafuna tu."

Akamwambia Shedrack alifunge gunia kwenye pikipiki, alipeleke kwa Kasmir mwenye kimashine kidogo.