Udongo Juu ya Bati

Jumatatu, 8 Novemba 1993

Serikali imeipa halmashauri yetu fedha za nyumba bora. Amesema diwani, Mama Luciana, leo saa tano, mbele ya ofisi ya kijiji. Kila kaya inayolala kwenye tembe, nyumba ya paa la udongo, itapewa mabati na misumari. Kuezeka ni juu ya mwenyewe. Fundi wa halmashauri, Bwana Anselm, atakuja Ijumaa kukagua kwa macho yake. Mwenye bati tayari, hata moja, hahusiki.

Hata moja! Mimi ninayo juu ya vyumba viwili. Vyumba vya nyuma vimesimama bila paa tangu duka la kijiji lilipofungwa. Scola anapika humo akitazama mbingu.

Nikainua mkono. Nikauliza kama ni haki mtu aadhibiwe kwa kutangulia maendeleo. Diwani akasema hilo ni swali zuri, kisha akamwita mwingine aulize lake. Peniel, aliyekaa nyuma yangu, akasema kwa sauti ya kufika mbele: "Msameheni Bwana Duka. Bado anadhani vibali anaandika yeye." Watu wakacheka. Kuna mama alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

Peniel huyu! Enzi za duka la kijiji, bidhaa adimu zikigawiwa kwa kibali, mimi nilikuwa muuzaji, yeye alikuwa foleni. Alinisalimia mara mbili, asubuhi na akifika dirishani. Leo ana duka lake sokoni Ikungi. Sabuni za rangi zote. Mabati kayaegemeza nje ukutani kama kuni. Bidhaa nyingi hivyo, na sijaona mtu akimwamkia muuzaji kwa kuinama. Zamani mche mmoja wa sabuni ulimfanya mtu mzima avue kofia.

Mabati yangu niliyapata kwa kibali. Scola aliuza kuku mwaka mzima, mmoja mmoja, kwa abiria wa mabasi ya Dodoma. Siku tuliyoezeka, watoto wa kijiji walirusha vijiwe juu ya paa ili wasikie linavyolia. Sikuwafukuza. Mimi mwenyewe nilirusha kimoja.

Jumanne, 9 Novemba

Nimepata!

Tembe ni nini? Ni udongo juu ya miti. Anayesimama chini anaona udongo tu. Sasa bati likilala chini ya udongo, nani ataliona? Na paa langu ni la mteremko mmoja, tena mdogo sana, kwa sababu mwaka ule mbao zilikuwa fupi. Fundi alisikitika. Kumbe ilikuwa akiba.

Ndani tutapigilia magunia, bati lisionekane hata ukilala chali. Magunia ninayo, ya sukari, kumbukumbu ya duka. Bado yana harufu kwenye pindo.

Nikamweleza Scola. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si dalili njema. Akasema: "Baba Dina, lile si paa. Lile ni kuku wangu." Akasema mbao za bati hazikuzaliwa kubeba shamba. Akanionyesha mawingu upande wa mashariki.

Nikamwambia mvua haiji kabla ya mwisho wa mwezi, haijawahi. Ijumaa tunakaguliwa, Jumamosi tunaondoa udongo. Jiko lake litapata paa kwa fedha za serikali. Akasema ameishi miaka yote na jiko lisilo na paa, hajawahi kuishi na mume asiye nalo. Akaenda kuchota maji.

Sijaelewa. Lakini hakusema hapana.

Jumatano, 10 Novemba

Kazi imefanyika. Shemeji Philipo, mdogo wake Scola, alinisaidia. Kwanza fito, kisha majani, kisha udongo wa kichuguu uliokandwa. Nilishangaa mikono yangu inakumbuka. Tulikuwa tukikanda hivi hivi na baba kila mwezi wa kumi, sisi watoto tukikanyaga tope kwa nyimbo, mama akitutishia fimbo kwa kumwaga maji. Nadhani nilikuwa na furaha. Nilipiga mluzi. Philipo akaniuliza kama jua limenipata.

Alasiri mbuzi wa jirani akapanda juu. Mbuzi hapandi bati, anapanda tembe. Kama mbuzi amekubali, Bwana Anselm ni nani?

Peniel akapita na baiskeli. Akasimama. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia bati linachemka sana mchana, nimeamua kulivisha kofia. Akatikisa kichwa kwa heshima. Akasema: "Aisee, Bwana Duka. Na Ijumaa utalivua?" Akapanda baiskeli, akaondoka akicheka peke yake.

Amejua. Potelea mbali. Hawezi kunisema bila kuonekana mwenye wivu.

Alhamisi, 11 Novemba

Wizi! Nimeamka nikakuta nyumba ya mwalimu ina udongo. Nyumba ya katekista ina udongo. Mstari wote wa barabarani, tuliokuwa tukiuita Mtaa wa Mabati, umerudi enzi za babu zetu kwa usiku mmoja. Hakuna hata paa moja linalomeremeta. Siri yangu imekuwa mkutano wa hadhara.

Na Peniel! Mtu anayeuza mabati amefunika mabati! Tena kwa ufundi. Kaanika uwele juu ya paa, na kampandisha shangazi yake akae pale na fimbo kufukuza ndege. Shangazi alinipungia mkono.

Sikubali kushindwa na shangazi. Nikaenda kwa mama yangu kuazima uwele. Mama, Bibi Klara wa watu wote, anaishi kwenye tembe halisi, ile aliyoijenga marehemu baba, ng'ambo ya shamba langu la alizeti. Nikamwamkia, akaitikia, akanipimia uwele kwenye ungo. Akaniambia kwa Kinyaturu nisiuache peke yake juani. Akasema nilipokuwa mdogo alinituma kwenye paa hili hili kulinda uwele, na nilikula kuliko ndege.

Nikapanda juu kidogo. Udongo ulikuwa na joto. Mwezi wa sita, upepo ukikata, tulikuwa tunalala kifudifudi hapa sote, mashavu yamegusa paa, tukisikia mama akisaga chini yetu. Unasikia jiwe kwa tumbo. Hakuna bati linaloweza hilo.

Niliposhuka mama akaniuliza kama bwana wa mabati atafika na kwake. Nikamwambia asijiandikishe. Fundi akiona tembe halisi karibu na yangu, ataanza kulinganisha. Akasema: "Haya, baba. Wewe ndiye mwenye akili ya duka."

Mama ananiamini. Hilo linatia nguvu.

Ijumaa, 12 Novemba

Tulikaa tangu asubuhi. Scola kwenye kigoda, mimi mlangoni na shati lililochanika kwa makusudi. Uwele juu. Magunia ndani. Mtaa mzima umetulia kama msibani.

Saa nane akafika tarishi kwa baiskeli. Gari la halmashauri halina dizeli. Ukaguzi ni Ijumaa ijayo, tarehe 19. Akaomba maji ya kunywa, akatazama mapaa, akauliza kama kijiji hiki si kile kilichopewa cheti cha nyumba bora. Nikamwambia amepotea njia.

Scola akataka udongo uondolewe leo. Nikamweleza kwamba udongo uliokauka wiki nzima utaonekana wa kale zaidi. Akasema mawingu yamesogea. Nikasema mawingu ni mawingu. Nilipokuwa dukani niliambiwa kila mwezi kwamba sukari inakuja, na sikuwahi kufungua mlango kwa sababu ya uvumi.

Akakusanya kuku wake kwenye tenga. Nikauliza wanakwenda wapi. Akasema kumsalimia bibi yao.

Jumamosi, 13 Novemba

Peniel amekwangua udongo wake wote. Mwalimu naye, na katekista. Waoga! Ukipita barabarani mapaa yanang'aa, mimi peke yangu ndiye fukara. Ushindani umekwisha. Nimebaki mgombea pekee.

Peniel akanipigia kelele kutoka juu ya ngazi: "Ndugu yangu, shusha kofia! Hii si mchezo!" Nikajibu sichukui ushauri wa hali ya hewa kwa muuza mabati. Akasema basi atanitunzia machache, ya kuuza. Mjinga.

Jumapili, 14 Novemba

Mvua imenyesha.

Ilianza baada ya ibada. Kwa muda paa lilipendeza. Maji yalidondoka polepole pembeni, kama kwa mama. Udongo ukanywa. Ukaendelea kunywa. Kisha mbao zikasema neno moja.

Scola alikuwa ameshanivuta mkono. Tulisimama nje tukatazama. Ukuta wa mbele ulitangulia, paa likaufuata, udongo ukaja juu ya yote kama blanketi. Vyumba vya nyuma, visivyo na paa, vimesimama vilevile. Hakuna aliyeumia. Uwele wote umekwenda.

Scola hakulia. Alitembea mpaka kwenye tope, akainama, akagusa kona ya bati moja lililokunjika. Akasimama hapo huku mvua inampiga. Nikamfuata. Akaninong'oneza, bila hasira, hilo ndilo baya: "Kuku wangu, baba Dina."

Tuko kwa mama. Tembe haivuji. Tumekaa chumba nilichozaliwa, moshi uleule, giza lilelile zuri la mchana. Mvua juu haina sauti kabisa. Mama ametupikia ugali wa uwele na mlenda, akampa Scola kwanza. Nikakumbuka baba alivyokuwa akisikiliza mvua kimya hivi, mkono wake ukutani, kama anayepima homa ya mtoto. Kila mwaka alipanda kuziba. Hakuwahi kuwa na kibali cha kitu chochote.

Usingizi unanijia vizuri. Scola sijui.

Ijumaa, 19 Novemba

Wamekuja! Diwani Luciana na Bwana Anselm, gari lina dizeli.

Nilimpokea fundi kwenye magofu. Nikamweleza kuwa nilikuwa na tembe, mvua imeiangusha, mimi ni mhanga. Akaniuliza kama nina bati. Nikasema sina hata moja. Akakanyaga lundo la tope ili avuke. Likalia.

Akanitazama. Akakanyaga tena, taratibu. Likalia tena. Mlio uleule wa vijiwe. Diwani akajifunika mdomo kwa khanga. Peniel, aliyekuwa hana kazi pale, akasema: "Hiyo tembe ya nani inaimba?"

Bwana Anselm hakucheka. Alisema amekagua vijiji vingi. Ameona watu wenye nyumba bila mabati, na wenye mabati bila nyumba. Mwenye nyumba iliyoangushwa na mabati yake ndio mara ya kwanza. Hahusiki. Akauliza basi familia inalala wapi.

Tukaenda kwa mama. Wakamwamkia. Fundi akatazama juu, akapiga nguzo kwa kiganja, akasema hii ndiyo waliyotumwa kuitafuta. Akauliza kwa nini bibi hakujiandikisha. Mama akajibu kwa Kinyaturu. Diwani akatafsiri kwa sauti: mwanawe alimkataza. Akatafsiri mara ya pili, kwa waliokuwa nyuma.

Mama atapewa mabati. Lakini akasema, akiwa ameshika mkono wa Scola, kwamba yeye hatoki kwenye tembe yake, bati humpigia kelele. Ijengwe nyumba ya pili hapo pembeni, iandikwe jina lake na la mkwewe, mlango wa jiko utazame banda la kuku. Diwani akasema inawezekana. Fundi akaandika: Klara na Scola. Matofali afyatue Chediel, yaani mimi.

Scola akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Akamwambia mama asante. Mimi hakunitazama, ila aliniwekea chakula.

Nikifikiri vizuri, mpango wangu umefaulu. Nilisema jiko lake litapata paa kwa fedha za serikali. Limepata. Kuna tofauti ndogo tu ya utekelezaji.

Jumatatu, 22 Novemba

Serikali imeongeza fedha, safari hii za vyoo bora. Ametangaza Mama Luciana leo asubuhi mbele ya ofisi ya kijiji. Kaya isiyo na choo itapewa saruji na bamba la kufunikia shimo. Mwenye choo tayari hahusiki.

Choo changu kilinusurika na mvua. Kimesimama peke yake pale kwenye magofu, imara, na mlango wa mbao za masanduku ya sabuni ya duka la kijiji. Maandishi bado yanasomeka. Nilikitazama kwa muda. Ni kitu kizuri. Kitanisikitisha.

Philipo amekataa kuja. Anasema ana homa. Scola ameficha jembe. Haidhuru, nitaazima la Peniel.

Ukaguzi: Ijumaa, tarehe 3 Desemba, saa nne. Kubomoa naanza kesho.