Ombi la Saumu Kuvaa Sare

Itaka, Mbozi

Kwa Bibi Shamba wa Kata yetu, Bi. Aida,

Kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia, ila kwa cheo naamkia mimi: shikamoo. Nakuandikia kwa adabu zote, na hasira kiasi, kuhusu kitunguu saumu na kitunguu maji, mimea ambayo imeachwa ifanane bila hatua yoyote kuchukuliwa.

1. Mkamwana wangu Tusekile, mke wa mwanangu Hezron aliyeko Tunduma kwenye malori, alipanda matuta mawili nyuma ya jiko: moja saumu, la pili vitunguu maji. Yote yakaota majani membamba ya kijani. Mwanadamu atajuaje? Jumanne niliingia kumsaidia. Nikaondoa magugu, mawe, na vibao viwili vilivyochomekwa ovyo, nikavitumia kuchemshia chai. Kisha nikaona tuta moja limeanza kunyauka ncha, nikasema vitunguu vimekomaa, nikang'oa vyote. Kumbe saumu, tena changa, haina hata punje.

2. Kuuliza sikuweza. Kwa mila yetu baba mkwe na mkamwana hawasemeshani wala hawatazamani. Nikikohoa tu, yeye hupita nyuma ya nyumba. Mila siilaumu. Nailaumu saumu, iliyojua hali yetu ikanyamaza.

3. Tusekile hakunitukana, ana malezi. Alimwambia kuku, kwa sauti ya kunifikia kibarazani: "Afadhali wewe kuku, unaparua ukichoka unaacha." Kuku akaenda zake, maneno yakabaki kwangu.

4. Sasa bustani ameizungushia miti na mlango kaufunga kwa waya. Bibi Shamba, kahawa siiwezi tena, magoti yamekataa. Bustani ile ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo. Inaniuma kukaa naanikwa juani kama mahindi ya mbegu.

5. Kwa hiyo naomba saumu ivalishwe sare, nyekundu ikiwezekana. Pale mpakani Tunduma hata mwenye kifurushi cha unga anaulizwa karatasi. Iweje saumu ikae jirani na kitunguu bila kitambulisho? Ikishindikana, vitunguu maji vyote vihamishiwe kule mbali Chitete. Na hilo likishindikana, basi uje mwenyewe umwombe Tusekile afungue ule waya, maana mimi siwezi kumwambia.

Nisalimie mumeo, watoto, na yule mbuzi wenu aliyezaa mapacha.

Ni mimi mkulima asiye na bustani,
Andongwisye, baba yake Hezron

N.B. Usije. Leo asubuhi, barua ikiwa tayari kwenye bahasha, nimekuta mlangoni bakuli la uji, na juu ya kifuniko mimea miwili. Mmoja jani lake ni bapa, limekunjika katikati. Wa pili jani lake ni la mviringo, ukiliminya ndani ni hewa tupu. Hata kipofu angeitofautisha kwa vidole. Kando ya bakuli kuna ule waya wa mlango wa bustani, umeviringishwa vizuri, na vibao viwili vipya vya kuchomeka: SAUMU, MAJI. Nyuma ya kila kimoja Tusekile ameandika: SI KUNI.